Marehemu Aliyekuwa Akikohoa

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya mashamba ya miwa, Dinah Mukhwana huwa amekwisha kuteka maji, kufagia ua na kuinjika chai. Kisha humnawisha uso ndugu yake mdogo, Tonny, mtoto wa miaka mitatu, naye Tonny hulia kila siku kana kwamba maji ni jambo jipya duniani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yao, mwendo mfupi kutoka soko la Myanga katika kaunti ya Bungoma, na kwa muda mrefu haikubadilika.

Lakini tangu baba yake arudi kutoka Kitale, sauti nyingine ilikuwa imeingia katika asubuhi hizo. Kilikuwa kikohozi. Kilianzia nyuma ya pazia la chumbani, kikavu kwanza, kisha kizito, kikaendelea hata mtu akasahau alichokuwa akikifanya. Dinah alijifunza kusimama na birika mkononi, akingoja kitulie, ndipo amimine chai.

Baba yake, Absalom Mukhwana, alikuwa mpakiaji wa mizigo katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Avtar Singh mjini Kitale. Alikuwa mtu wa kubeba mfuko wa saruji begani huku akipiga gumzo. Sasa mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na bado suruali ilimteleza. Majirani walipouliza, mkewe, Mary Ann, aliwajibu kwamba ni vumbi la saruji, na kwamba litatoka kwa maziwa na mapumziko.

Shuleni hawakukosa maneno. "Niaje, Dinah," alisema Kevin, mvulana aliyeketi dawati la nyuma yake. "Jana tumesikia pikipiki ikipanda kwenda Kapsokwony, tukatoka nje kuitazama. Kumbe ni babako anakohoa!"

Darasa zima likacheka.

"Babako si ndiye alilala kwa mtaro juzi akitoka kunywa busaa?" Dinah alimrudishia. "Enda umwamshe kwanza, bana, ndio uje uongee juu ya wengine."

Kicheko kikamgeukia Kevin, akanywea. Dinah naye alifungua kitabu chake, lakini herufi hazikumwingia kichwani. Alikuwa anajua jambo ambalo Kevin hakulijua.

Alilisikia jioni moja akimenya viazi nje ya jikoni. Wazazi wake walikuwa wakizungumza ndani, wakidhani amekwenda kisimani. Baba yake alisimulia jinsi Bwana Avtar alivyomwita kando ya lori na kumwambia, "Absalom, kikohozi hicho si cha vumbi. Nenda upimwe. Kazi yako itakungoja." Absalom alikwenda. Lakini alipokuwa kwenye benchi la kliniki, aliwasikia watu wawili wakinong'ona kuhusu kifua kikuu, kwamba mwenye ugonjwa huo hakosi kuwa na mwingine mbaya zaidi, na kwamba hata akipona hakuna atakayekunywa chai katika kikombe chake. Baridi ikamwingia moyoni. Akafikiri kwamba ahadi ya Bwana Avtar ingeyeyuka siku ambayo angelisikia jina la ugonjwa.

Ndipo akatoa katika pochi kitambulisho cha marehemu kaka yake, Hesbon. Hesbon alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita kwa ajali ya trekta, na familia haikukirudisha kitambulisho chake kwa chifu kama sheria inavyotaka. Absalom alikihifadhi kwa ajili ya picha, kwa kuwa hawakuwa na nyingine. Ndugu hao walifanana sana. Karani alikitazama, akamtazama yeye, akaandika: Hesbon Mukhwana, wa Myanga. Nambari ya simu aliyopewa haikuwa ya mtu yeyote. Absalom akatoa makohozi yake katika kikopo, akaambiwa arudi kuchukua majibu. Hakurudi. Alipanda gari akaja nyumbani.

"Wakitafuta, watamtafuta Hesbon," alimwambia mkewe. "Na Hesbon hapatikani."

"Absalom!" Mary Ann alisema kwa sauti ya chini. "Umemwamsha maiti akuugulie?"

"Nyamaza, Mama Dinah. Nitapona tu."

Kesho yake alimwita Dinah karibu na kitanda. "Mwanangu, mtu yeyote akija hapa akimuulizia Hesbon, mwonyeshe kaburi. Hutakuwa umesema uongo. Mtu alikufa, na kaburi ndilo hilo. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Kaburi lilikuwa kando ya migomba, nyuma ya nyumba. Kwa miaka yote hiyo lilikuwa tuta la udongo tu, kwa maana Absalom alikuwa ameahidi kulijengea na hakuwahi kupata nafasi. Safari hii alikuja na nusu mfuko wa saruji uliopasuka dukani, ambao Bwana Avtar alimpa bure. Kwa nguvu zilizokuwa zimesalia mwilini alilisakafia kaburi la kaka yake, akipumzika kila baada ya karai moja. Saruji ilikuwa bado na rangi ya kijivu mbichi, na ukingo wake ulikuwa haujaota kuvu.

Mgeni alifika siku ya mvua nyepesi. Alikuwa Bi Phelista, mhudumu wa afya ya jamii, mama wa makamo ambaye alikuwa ameanza kazi hiyo mwaka huo. Alibeba mkoba mgongoni na simu ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mama," Dinah alijibu mlangoni. Mama yake alikuwa sokoni. Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti hata kidogo, naye Dinah alijua kwamba baba yake ameuma kona ya blanketi.

"Habari ya hapa, mwanangu? Mimi natafuta Mzee Hesbon Mukhwana. Wenzetu wa Kitale wametupigia simu, wanamtafuta sana. Hapa ndipo kwake?"

Dinah alilitupia pazia jicho. "Ndiyo, ni hapa. Lakini... alikufa."

Bi Phelista akashika kifua. "Woi! Alikufa?"

Dinah alitangulia, wakapita nyuma ya nyumba hadi kwenye migomba, akanyoosha mkono. Yule mama alilitazama kaburi, akaona saruji mbichi, akaona uso wa mtoto uliotaka kulia. Katika nchi ile si adabu kumhoji mtoto aliyefiwa akiwa mbele ya kaburi. Hakuuliza alikufa lini. Hakuuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Aliinamisha kichwa, akasema sala fupi, akamshika Dinah begani.

"Poleni sana. Mwambie mama nitakuja siku nyingine kuwafariji."

Akiwa chini ya paa la jikoni alibonyeza simu yake, akaandika kwamba mgonjwa amefariki. Tangu dakika hiyo hakuna mtu tena, Bungoma wala Kitale, aliyemtafuta mgonjwa yule.

Dinah aliporudi ndani, pazia likafunguliwa. Baba yake alikuwa akitabasamu, jasho likimtiririka kwa ajili ya kikohozi alichokuwa amekizuia. "Umeona? Kwisha! Hakuna uongo hata mmoja." Kisha akainama, akakohoa mpaka leso yake ikatiwa doa jekundu, naye Tonny akapanda kitandani akamkumbatia shingoni, kama alivyozoea kufanya kila siku.

Maisha yakaendelea, lakini hayakuendelea vizuri. Tonny alianza kukataa uji. Alikuwa mtoto wa kukimbiza kuku ua mzima, akawa mtoto wa kuketi kizingitini. Homa ikamjia jioni baada ya jioni, haikuwa kali, wala haikuondoka. Mary Ann alimpeleka katika kituo cha afya. Tabibu wa hapo, Bwana Wakhungu, mtu wa maneno machache, alimpima malaria asiione.

"Mama Dinah, kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa?"

Mary Ann alikumbuka jinsi mumewe alivyomwambia anyamaze. "Hakuna, daktari."

Bwana Wakhungu aliandika dawa za kifua za kawaida. "Asipopata nafuu, mrudishe upesi," alisema. "Usisubiri."

Walisubiri. Mary Ann aliogopa kuulizwa swali lile kwa mara ya pili, na woga ule ulimfanya aone nafuu mahali ambapo haikuwepo. Tonny alianza kutapika. Alilala mchana kutwa. Asubuhi moja ya Jumamosi, Dinah alimnawisha uso, naye Tonny hakulia. Aliyatazama maji kwa jicho moja, la pili likiwa limegeukia puani. Dinah alimwita kwa jina, akamwita tena, lakini hakumgeukia. Ndipo alipomwita mama yake kwa ukelele.

Walikwenda kituoni kwa pikipiki, Tonny akiwa katikati yao. Bwana Wakhungu alimlaza juu ya kitanda, akajaribu kuinua kichwa chake polepole. Shingo ilikuwa imekakamaa. Akakirudisha kichwa taratibu, akageuka.

"Nakuuliza tena, Mama Dinah. Mtoto huyu analala na nani? Ni nani anayekohoa katika nyumba ile?"

Mary Ann aliushika upindo wa leso yake, akaukunja, akaukunjua. Dinah alimtazama mama yake, kisha akautazama mguu wa Tonny uliokuwa ukirukaruka wenyewe juu ya shuka. Aliona wazi kwamba akinyamaza, atakuwa amelionyesha kaburi mara ya pili, na safari hii litakuwa la mdogo wake.

"Ni baba," alisema.

"Baba gani? Mbona mama amesema hakuna?"

"Baba yangu, Absalom. Anakohoa damu. Alipimwa Kitale akatumia kitambulisho cha baba mkubwa Hesbon."

Bwana Wakhungu alimgeukia. "Hesbon Mukhwana wa Myanga? Huyo tuliandika kwamba ni marehemu."

"Marehemu ni baba mkubwa, alikufa kitambo. Aliyetoa makohozi ni baba. Mimi ndiye niliyemwonyesha Bi Phelista kaburi." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mary Ann akajifunika uso kwa leso, akalia naye, wala hakumkatiza.

Tabibu hakupoteza wakati kwa kukemea. Aliagiza gari la wagonjwa, akampigia simu mwenzake wa kliniki ya Kitale. Majibu yalikuwapo. Mashine ilikuwa imeona vijidudu vya kifua kikuu katika yale makohozi, vijidudu ambavyo dawa za kawaida zingeviua. Majibu hayo yalikuwa yamekaa Kitale muda wote huo yakimngoja mtu aliyekwisha kuzikwa.

Tonny alipelekwa hospitali kubwa pamoja na mama yake. Huko madaktari waligundua kwamba ugonjwa ulikuwa umetoka kifuani ukapanda hadi kwenye utando wa ubongo. Dinah akapanda pikipiki na Bwana Wakhungu kurudi nyumbani, naye Bi Phelista akawakuta njiani.

Absalom alikuwa ameketi nje akiota jua. Alipowaona watatu hao pamoja, alielewa kabla ya kuambiwa.

"Dinah," alisema, "umenivua nguo mbele za watu."

"Nguo hiyo haikuwa yako, Bwana Absalom," akajibu Bwana Wakhungu. "Ilikuwa ya kaka yako. Vaa barakoa hii, kisha unisikilize. Mtoto wako Tonny ameambukizwa, na hali yake ni mbaya."

Absalom aliishika barakoa asiivae. "Ataishi?"

"Sijui."

Hakuna aliyemfariji. Kuku walipita miguuni pake wakidonoa. Hatimaye akasema, "Nilidhani nawaepusha watu wa nyumba yangu na aibu. Nilidhani nikishapona hakuna atakayejua."

"Ungepona kwa dawa gani?" Bi Phelista aliuliza. Kisha yeye pia akaketi juu ya kigoda, akiwa amechoka. "Lakini na mimi nina fungu langu, Baba Dinah. Niliona saruji mbichi nikaona inatosha. Kazi yangu ilikuwa kuuliza alikufa lini. Niliona haya kuuliza, nikaandika."

Tangu siku hiyo Bi Phelista alifika kila asubuhi, akasimama mlangoni akimtazama Absalom akimeza dawa zake, ambazo serikali huzitoa bila malipo. Madirisha yote ya nyumba yalifunguliwa. Mary Ann na Dinah walipimwa, wakaonekana hawajaugua, wakapewa dawa za kinga. Bwana Avtar alipopata habari alipiga simu, na sauti yake ilisikika hadi jikoni.

"Absalom, mimi nilikuambia nini?"

"Uliniambia kazi itaningoja, bosi."

"Sasa kwa nini ukakimbia? Binti yangu Veena aliugua ugonjwa huo huo akiwa chuoni. Alimeza dawa akapona. Nani alikuambia sisi tunaogopa kikohozi? Maliza dawa, urudi." Absalom alirudisha simu mezani, akakaa muda mrefu akiwa amekishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Tonny hakufa. Lakini hakurudi vile alivyokuwa. Alipotoka hospitalini, maneno mengi aliyokuwa akiyajua yalikuwa yamemtoka, na mguu wake wa kushoto uliburuta chini kama usio wake. Daktari alisema huenda ukapata nguvu kwa mazoezi, na huenda usipate. Mtoto ambaye angeweza kutibiwa mapema, angali anacheza, alitibiwa akiwa amechelewa, na hakuna dawa inayoponya kuchelewa kule.

Ilifika siku ya Absalom kwenda kituoni kwa kipimo cha kukagua maendeleo yake. Alikuwa ameongeza nyama mashavuni, na kikohozi kilikuwa kimetulia. Walikwenda wote, Dinah akiwa amembeba Tonny mgongoni. Benchi lilikuwa limejaa majirani, mama yake Kevin akiwa miongoni mwao. Karani mpya alikuwa ameketi mezani.

"Jina?"

Absalom alisimama wima. "Absalom Mukhwana," alisema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuwaita wenzake kutoka juu ya lori. "Wa Myanga. Mgonjwa wa kifua kikuu. Andika pia nambari yangu ya simu, na uipige sasa hivi uone kama inaita."

Mama yake Kevin alimvuta mtoto wake mdogo, akahamia upande wa pili. Absalom aliliona hilo. Akaketi mahali palipoachwa wazi, naye Dinah akaketi karibu naye.

Walipomaliza, Bwana Wakhungu aliwasindikiza hadi nje. Dinah alikuwa na swali lililomkaa rohoni muda mrefu. "Daktari, kila neno nililomwambia Bi Phelista siku ile lilikuwa kweli. Baba mkubwa alikufa. Kaburi ni lake. Mbona basi lilikuwa uongo?"

Bwana Wakhungu hakucheka, wala hakumpapasa kichwa. Alimjibu kama anavyojibiwa mtu mzima.

"Kwa sababu ulitaka aondoke akiamini jambo lisilokuwa. Uongo hauko katika maneno peke yake, Dinah. Mtu anaweza kupanga maneno ya kweli tupu akajenga nayo uongo mkubwa. Na tazama uongo huo ulivyosafiri! Sisi tuliuandika. Kaunti ikausoma, ikahesabu marehemu mmoja zaidi na mgonjwa mmoja pungufu. Hesabu hizo ndizo zinazosema dawa ziende wapi, wahudumu waende kwa nani, na watoto gani wapewe kinga. Tonny alistahili kuwa wa kwanza kupewa kinga hiyo. Hakuna aliyekuja kumpa, kwa kuwa sisi tuliamini mgonjwa wa nyumba ile amekwisha kuzikwa." Kisha akamgeukia Absalom. "Wewe ulimfundisha mtoto kusema hivyo, na kosa la kwanza ni lako. Yeye alivunja amri yako ili aseme kweli, na kwa ajili hiyo nyote wawili mko hai, wewe na Tonny. Ugonjwa si aibu. Aibu ni kuuficha mpaka umpate asiyeweza kujitetea. Mfundisheni hivyo kila mtu atakayewauliza."

"Nitawafundisha, daktari," Absalom alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Nisamehe, Mama," alimwambia, kwa kumwita kwa heshima kama akina baba wa huko wanavyowaita binti zao. "Nilikutwika mzigo wangu."

Dinah aliitikia kwa kichwa.

Tonny alijipinda mgongoni akitaka kushuka, naye akamshusha. Absalom alimnyooshea kidole kimoja, mtoto akakishika kwa mkono wake wote, wakaanza kutembea. Mguu mzima ulitangulia, ule mwingine ukaburutwa ukafuata, ukiacha mfereji mwembamba katika vumbi la barabara. Njia ile ambayo zamani Tonny angeimaliza kwa mbio iliwachukua asubuhi yote, wala Absalom hakumwambia aharakishe.